Supu ya Mkwe

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mfukoni. Sababu ni ukuta. Chumba tulichopewa kiko nyuma ya jiko la mgahawa, na kati yetu na chumba cha wakwe kuna ubao tu. Baba mkwe akijigeuza kitandani tunamsikia, kwa hiyo na sisi tunasikika. Mambo ya kuzungumza na mjomba hapa hayazungumziki hata kwa kunong'ona.

Sisi wazima. Dada yako nilimpigia juzi, analalamika magoti, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote. Mama mkwe bado anapelekwa hospitali kila wiki kusafishwa damu, na akirudi mke wangu humkanda miguu mpaka alale. Mkazamjomba msalimie sana. Mwambie yale mashuka aliyotupa siku ya harusi bado mapya kabisa.

Uliniuliza nafanya kazi gani tangu karakana ya makochi ifungwe. Mjomba, kazi yangu ni kunywa supu. Usicheke. Tulipohamia hapa mgahawa wa mzee ulikuwa na nzi wengi kuliko wateja. Akaja mwalimu mmoja wa udereva, mtu aliyekaa na mkewe miaka bila mtoto, akawa anakunywa supu ya mifupa ya hapa, yenye tangawizi na vitunguu saumu na pilipili manga hadi machozi. Mkewe akazaa mapacha. Akawatangazia watu kwamba siri ni supu, "hata mkwe wa mzee anakunywa, hamumwoni alivyonawiri?" Nilikuwa bwana harusi wa juzi, lazima ninawiri. Sasa mlangoni kuna ubao umeandikwa SUPU YA MKWE, na mimi nakaa meza ya mbele kila asubuhi na bakuli langu, ili mtu akiingia anione. Wateja huniuliza, "Mkwe, vipi jana?" Mzee mwenyewe haulizi, heshima haimruhusu. Anakoroga sufuria na kuwaachia wateja waulize.

Sasa jambo lenyewe. Nina rafiki, kijana kama mimi, ana mke na anampenda, lakini hamu imemwisha kabisa. Wewe ni mtu mzima, umekaa na mafundi wa kila aina. Kuna chakula gani kinachosaidia, mbali na supu?

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa naposa, na hata hiyo niliandikiwa. Karakana yetu huku iko salama, sponji zimepanda bei, na paka aliyekuwa akilala kwenye kochi la mteja hatimaye amelinunua, maana mteja amekataa kulichukua.

Mashuka ya harusi hayatakiwi kuwa mapya mwaka wa pili. Niliposoma hapo nikamjua rafiki yako. Ila sitamtaja, nisije nikamtia aibu.

Suala lake nimelipeleka kwenye baraza la mafundi bila kusema ni la nani. Fundi mbao anaapa kwa karanga mbichi. Dereva wa lori letu anasema mayai ya kwale, tena ayanywe asubuhi kabla hajasema na mtu. Mshona vitambaa anasema parachichi, na alipoulizwa sababu akasema tulitazame tu lilivyo. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa asali na mbegu za maboga tangu ujana, na sijawahi kulaza damu. Chaza wa baharini nao wanasifiwa, lakini kwa bei ile hamu itamwisha mtu akiwa bado dukani.

Mwambie rafiki yako mficha uchi hazai. Aseme anachoumwa.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee penye komeo. Umesahau kuleta salamu za mkazamjomba, au bado amenikasirikia kwa kutofika likizo?

Nyumbani hali ni ileile. Mama mkwe amevimba miguu tena. Juzi aliniita akanishika mkono akasema, "Mwanangu, usingekuwa wewe ningekuwa nimeshazikwa." Ana haki. Supu ndiyo inayompeleka hospitali. Kabla ya supu walikuwa wamekwisha kuuza jokofu na kitanda cha wageni.

Basi nitasema. Rafiki yangu amekula karanga mpaka tumbo likamsokota. Asali anameza kwa kijiko cha kupakulia. Mayai ya kwale aliyanywa kama dereva alivyoagiza, akakaa kimya asubuhi nzima, mkewe akadhani amenuna. Wapi! Mjomba, mimi si mgonjwa. Nikimwona mke wangu anaanika nguo, mikono juu, namtamani kama siku ya kwanza. Halafu jioni tunaingia chumbani, nanuka vitunguu saumu kuanzia kucha, na upande wa pili wa ubao mzee anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kuonyesha kwamba yeye amelala. Na mimi nawaza kwamba asubuhi wataniuliza. Nawaza kwamba watu wale wote wamelipia. Mwili unakataa, basi. Mke wangu ananipa mgongo kwa upole ili nisione aibu, na upole wake ndio unaoniua.

Angekuwa baba mkwe ni mtu mbaya ningeondoka kesho. Lakini ananipakulia mfupa wenye uboho kila siku, na yeye mwenyewe anakula ugali na chumvi.

Mpwa wako


9 Mei

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kulikuwa na shughuli hapa nyumbani. Imekwisha. Au tuseme imetulia.

Baraza la mafundi nimelivunja. Hakuna chakula nitakachokuambia tena. Wewe huna njaa ya chakula, una macho ya watu mwilini. Mchukue mkeo mtoke. Msile chochote chenye sifa. Nendeni mahali ambapo hakuna mtu anayemjua mkwe wa mtu, mkae kama watu waliokutana barabarani.

Jambo la pili. Fundi wangu mmoja amehama, na nafasi yake iko wazi. Ni kazi yako uliyosomea, kushona na kujaza makochi, na juu ya karakana kuna chumba chenye ukuta wa tofali. Tofali, mpwa wangu. Naweza kuishikilia mpaka mwisho wa Julai, zaidi ya hapo mwenye karakana atanifukuza na mimi. Njooni wote wawili.

Nyumba hii kubwa, sauti inarudi.

Mjomba wako


28 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo na shikamoo tena! Dada yako anakusalimu. Mama mkwe anaendelea, wiki hii amekula vizuri.

Tumefanya ulivyosema. Siku ya hospitali mzee alikaa na mama mkwe mwenyewe, sisi tukaaga kwamba tunakwenda sokoni kununua tangawizi. Tukapanda basi mpaka upande wa pili wa mji. Mke wangu alibadilisha nguo kwenye choo cha stendi, akatoka na gauni jekundu la mitumba ambalo sijawahi kulijua, na kilemba kikubwa kilichoshuka hadi usoni kama mke wa waziri. Kwenye gesti mhudumu akatuuliza, "Saa moja au siku nzima?"

Mke wangu akasema, "Sisi ni mke na mume."

"Ndiyo, dada, wote ni mke na mume. Saa moja au siku nzima?"

Mjomba, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuhamie kwa baba yake, nilikuwa nimesahau kwamba ana kicheko cha kelele. Tukanunua mkate na maziwa baridi, chakula ambacho hakijawahi kumtia mtu nguvu ya kitu chochote, tukala kitandani makombo yakamwagika. Mengine hayaandikwi kwa mjomba. Nitasema tu kwamba rafiki yangu amepona, na hakupona kwa supu.

Tulirudi bila tangawizi. Mzee akatutazama, akaenda kuinunua mwenyewe.

Nimemwambia mke wangu habari ya karakana. Alisikiliza vizuri, akauliza chumba kina madirisha mangapi. Halafu akauliza huko hospitali ya kusafisha damu iko mbali kiasi gani. Hilo nakuuliza wewe. Unajua?

Na mkazamjomba mbona hata neno?

Mpwa wako mwenye furaha


17 Juni

Mjomba,

Jibu lako halijafika lakini siwezi kungoja.

Tulionekana. Mwalimu wa udereva alikuwa anamfundisha mwanafunzi kurudi nyuma kwenye barabara ile ya gesti, akaniona naingia na mwanamke wa gauni jekundu. Uso wa mwanamke hakuuona. Wangu aliuona vizuri. Kesho yake alikuja asubuhi akaning'ong'a mgongoni, kisha akawahadithia meza nzima, na lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilidhani wateja watatukimbia. Mjomba, wamejaa mpaka barabarani! Wanasema supu ya mzee ni kali, mke mmoja hatoshi. Supu inakwisha kabla jua halijakaa sawa. Watu wazima, wenye wajukuu, wanakuja kunishika mkono.

Tulikubaliana mimi na mke wangu tukae kimya kwanza, kwa aibu tu. Utasemaje mbele ya baba mkwe kwamba ulimpeleka binti yake gesti? Lakini mke wangu alikuwa anangoja kitu. Nilikuja kukielewa baadaye. Alikuwa anangoja baba yake akasirike. Kila asubuhi alisimama kwenye dirisha la jiko, pale wanapotolea sahani, akimtazama. Mzee aliamini kabisa kwamba namchezea mwanawe. Hakunitazama usoni alipokuwa ananipakulia. Lakini alipakua. Tena akachagua mfupa mkubwa. Nilitamani anipige na ule upawa.

Mwishowe mke wangu alimfuata jikoni akamwambia, "Baba, yule mwanamke alikuwa mimi." Mzee akafumba macho akamshukuru Mungu, machozi yakamtoka, akamkumbatia. Kisha akamwambia, taratibu, "Lakini usiwaambie wateja."

Mke wangu akamwuliza, "Hata wanawake wakinionea huruma sokoni?"

"Kwa muda tu, mwanangu. Mpaka mama yako apate nafuu."

Maradhi ya mama mkwe hayana nafuu, mjomba. Wote watatu tunalijua hilo. Mke wangu akakubali. Angesemaje, na mama amelala chumba cha pili?

Sokoni muuza nyanya anamwongezea nyanya za bure kwa huruma. Anazipokea. Gauni jekundu amelichana, analitumia kupangusia meza. Na gesti hatuwezi kurudi, sasa kila mtu mjini ananijua kwa sura.

Mpwa wako


4 Julai

Mpwa wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja, ya kucheka na ya kulia. Nimeuliza. Hospitali ya kusafisha damu hapa ipo, lakini foleni yake mtu anakufa hajaitwa. Sitakudanganya ili uje.

Na lingine sitakudanganya pia, maana umeniuliza sana. Salamu za mkazamjomba wako sikuletei kwa sababu sina pa kuzitoa. Aliondoka Machi, yuko kwa dada yake. Siku ile nilikuwa nimerudi na asali, ile nzuri ya kwenye sega, na mbegu za maboga nimezikaanga mwenyewe. Akaviangalia pale mezani akasema, "Miaka yote hii unanilisha kama kuku wa kutaga, hujakaa hata siku moja ukaniuliza nimeshindaje." Akafunga mzigo. Nilidhani ni maneno ya hasira. Bado anashinda kwa dada yake.

Kwa hiyo mimi si mwalimu wako. Nilikuwa nataka uje kwa sababu nyumba imekuwa kubwa, na nikatia maneno ya tofali nikijua yatakuingia. Hata hivyo nakuambia: njoo. Mkeo akikataa, basi usije, kaa naye. Lakini usikae hapo ukazoea. Mtu anazoea hata kunyanyaswa kwa sifa nzuri. Ukiona umeanza kuwajibu wale wateja, jua umekwisha.

Nafasi ipo mpaka mwisho wa mwezi huu.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole. Nimesoma habari ya mkazamjomba mara tatu. Jana usiku nilimwonyesha mke wangu, akakaa na barua yako mkononi muda mrefu, akasema nikuambie umwandikie. Si kwangu, kwake mkazamjomba. Na usimpelekee kitu cha kula.

Mwezi umepita, na umeona sikuja. Tuliizungumza safari mara nyingi mwezi wa Juni, kwa kuandikiana kwenye kiganja ili tusisikike. Kila mara tunafika palepale: na mama? Mzee hawezi kupika na kumpeleka hospitali peke yake, na bila meza ya mbele hakuna wa kumpikia. Nafasi mpe mwingine. Mpe mwenye njaa, atakushukuru.

Ulisema nikianza kuwajibu nimekwisha. Ilikuwa tayari. Wiki moja kabla ya barua yako kufika, mwalimu wa udereva aliuliza kama kawaida, "Mkwe, vipi, lile jekundu halijambo?" Na mimi, sijui ni uchovu au ni nini, nikamkonyeza. Jicho moja tu. Mgahawa mzima ukalipuka kwa kicheko, mtu akanilipia chai. Nikageuka, mke wangu alikuwa amesimama dirishani na sahani mbili mkononi. Akaziacha hapo, akarudi ndani. Siku hiyo akahamishia mto wake kwa mama yake, eti mama anahitaji wa kumgeuza. Kwa wiki mbili alisema nami maneno ya kazi tu: lete kuni, funga gesi, mgeni anataka chumvi. Mjomba, hakuna chakula duniani cha maradhi hayo. Nilikuwa nalala peke yangu upande huu wa ubao, nawasikia wanawake wawili wanapumua upande ule, na mzee sakafuni.

Jana nikasema potelea mbali. Hospitali au si hospitali, ninaye mke mmoja. Wateja walikuwa wamejaa. Nikasimama juu ya kiti changu, kiti hichohicho cha supu, nikasema kwa sauti, "Jamani, sikilizeni. Yule mwanamke wa gesti alikuwa mke wangu. Sina mwingine, sijawahi kuwa naye. Na hii supu haijanisaidia kitu, imenimaliza."

Waliokuwa karibu wakaweka bakuli chini. Halafu mwalimu wa udereva akasema, "Mke wako mwenyewe? Gesti? Nyumba unayo?" Wakacheka mpaka vijiko vikaanguka. Mzee mmoja akanipigapiga mgongoni, "Kijana, sote tukikamatwa husema hivyo. Shuka, supu inapoa."

Mke wangu akatoka jikoni. Akasimama katikati yao na aproni yake yenye mafuta akasema, "Anasema kweli. Nilikuwa mimi."

Mjomba, walimhurumia! Wakateremsha sauti. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, anamfichia aibu mumewe. Wanawake tuna moyo." Nikaona uso wa mke wangu unavyobadilika. Akamgeukia baba yake. Watu wote wakamgeukia. Neno lake moja lingetosha, maana baba hawezi kusema uongo juu ya binti yake. "Mzee, eti kweli?"

Mzee akatazama sufuria. Akatazama mlango wa chumba alicholala mama mkwe. Akasema, "Mimi mpishi tu, waulizeni wenyewe."

Mke wangu akarudi kwenye vyombo. Nilimfuata. Maji ya sinki yalikuwa yanachuruzika, hakuwa anaosha kitu, ameshika tu ukingo. Nikamwambia, "Nimejaribu."

Akasema, "Nimesikia. Umesimama juu ya kiti."

"Hawakuamini."

"Mimi nimesikia," akasema.

Kisha akanigusa shavu na mkono wake uliojaa povu, akauacha hapo. Ndiyo mara ya kwanza kunigusa hivyo tangu siku ile ya mkate na maziwa. Tulisahau kabisa kwamba dirisha la kutolea sahani liko wazi, na kwamba kila mtu anatuona. Wateja wakaanza kupiga makofi. "Kamsamehe!" wakapiga kelele. "Mnaona supu hiyo? Mnaona?" Wakaagiza bakuli za pili, na waliokuwa barabarani wakaingia.

Tulibaki vilevile, mkono wake shavuni mwangu. Baba mkwe akapita nyuma yetu na ndoo, akaongeza maji kwenye sufuria.

Mpwa wako